Banda la Mpira la Temeke Kuelekea Marudiano ya Simba na Berkane: Tathmini ya Mteja Mwenye Wasiwasi

Ninaandika tathmini hii katikati ya juma, baada ya Simba kufungwa 2-0 na RS Berkane huko Morocco siku ya Jumamosi, tarehe 17 Mei 2025, na kabla ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika yatakayochezwa Jumapili ya tarehe 25 katika Uwanja wa New Amaan, Zanzibar. Huduma ninayoitathmini ni banda la kuonyeshea mpira lililoko Temeke, mwendo wa miguu kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambako mchezo huo ungechezwa kama CAF, Shirikisho la Soka Afrika, isingeuhamisha kutokana na hali ya eneo la kuchezea. Jina la banda nitalihifadhi, kwa kuwa nina lawama kadhaa na mwenye banda ni mtu tunayekutana naye dukani na msibani. Wakazi wa upande huu watalitambua bila msaada wangu, na wasomaji wa mbali watapata vigezo vya kulipimia banda la mtaani kwao.

Kwanza nieleze kwa nini banda linastahili kutathminiwa kwa uzito juma hili. Uwanja wa Mkapa huchukua watu 60,000, na New Amaan huchukua takriban 15,000. Ukiwatoa wageni waalikwa, na ukiwahesabu wenyeji wa Unguja ambao wana haki zote za mchezo unaochezwa mlangoni kwao, utaona kwamba sehemu kubwa ya watu ambao wangejaa Mkapa watautazama mchezo huu kwenye kioo, na wengi wao wana runinga nyumbani. Kwa hiyo swali la haki la kuliuliza banda si kama lina picha. Swali ni kwamba linampa mtu kitu gani ambacho sebule yake haimpi, hata akubali kutoa kiingilio na kukaa saa mbili kwenye benchi lisilo na egemeo, huku timu yake ikidaiwa mabao mawili.

Banda ni la mabati juu na mbao pembeni, lenye sakafu ya saruji na mabenchi yaliyopangwa kwa mistari, na nyuma kabisa kuna viti vya plastiki vya wateja wanaolipa zaidi. Mbele kuna projekta inayotupa picha kwenye ukuta uliopakwa rangi nyeupe, na kila upande umetundikwa runinga bapa moja. Kiingilio cha siku za kawaida ni shilingi 1,000. Usiku wa mchezo wa kwanza kilipanda hadi 2,000, na kwa marudiano tumeshatangaziwa kwamba hakitashuka. Sina ugomvi na bei hiyo. Mtu anayeona ni kubwa alinganishe na nauli ya boti kwenda na kurudi Unguja, aongeze tiketi na malazi, kisha aje tuzungumze.

Usiku ule wa Jumamosi projekta ilifanya kazi bila dosari, tena kwa ukatili. Berkane walipata bao la kwanza dakika ya 8 na la pili dakika ya 14, na kila marudio ya mabao yale tuliyaona makubwa ukutani, na kila kosa la ulinzi wetu lilionekana kwa ukubwa wa mlango wa ghala. Wasiwasi wangu ni kwamba marudiano yatachezwa mchana, na mchana projekta hii ni mtumishi mwingine kabisa. Mwanga unaopenya kati ya mbao na kwenye matundu ya misumari ya mabati huifubaza picha, na Berkane kwa kawaida huvaa rangi ya chungwa ilhali sisi ni wekundu, kwa hiyo katika picha iliyofifia itakuwa kazi kujua nani anaupokea mpira na nani anapokonywa. Nimemshauri mwenye banda atundike turubai zito upande wa magharibi, na ameniahidi kwamba litakuwepo. Asipolitundika, mteja akae karibu na runinga ya kulia, ambayo ndiyo yenye picha safi zaidi, na asikubali kuvutwa katikati kwa sababu tu ndiko waliko rafiki zake.

Kuhusu sauti, hapa ndipo banda hili lina historia yake ya pekee. Tarehe 9 Aprili, Simba walipocheza marudiano ya robo fainali dhidi ya Al Masry pale Mkapa, banda lilijaa watu waliokosa tiketi au waliochelewa, na kwa kuwa uwanja uko karibu, kelele za mashabiki zilitufikia kabla ya picha. Matangazo ya setilaiti huchelewa kwa sekunde kadhaa. Tulikuwa tukimtazama Elie Mpanzu akiwa bado hajapiga, na mtaa mzima ukawa umeshalipuka. Ikawa hivyo hivyo kwa bao la Steven Mukwala. Ulipofika wakati wa matuta, yaani mikwaju ya penalti, tuliacha kuitazama picha kwa macho ya kutaka kujua, tukawa tunaitazama kama ushahidi wa jambo lililokwisha kuamuliwa, maana kipa wetu Moussa Camara alipookoa mkwaju, habari ilikuwa imeshatufikia juu ya mabati. Wengine waliona huko ni kuharibiwa utamu. Mimi niliona ni baraka, kwa sababu mtu mwenye moyo mwepesi alipewa jibu mapema na kusamehewa ile nusu dakika ya kushika kichwa.

Jumapili hatutakuwa na baraka hiyo. Amaan iko ng'ambo ya bahari, na sauti pekee itakayoitangulia picha itakuwa ya redio na ya simu. Hapa ndipo ninapoweka lawama yangu kubwa zaidi kwa banda hili. Katika mchezo wa kwanza kijana mmoja alikaa katikati yetu na redio ndogo sikioni, akawa anatuguna kabla ya kila shambulizi, na mwenye banda hakumwambia neno. Kelele za maelfu ya watu kutoka uwanjani ni za wote na hazina mwenyewe, lakini mguno wa mtu mmoja mwenye redio ni mateso yanayotolewa kwa rejareja. Kila banda linalotaka kuitwa la daraja la kwanza liwe na kanuni: redio ibaki mlangoni, na simu zizimwe sauti. Aidha, spika mbili za mbele zipunguzwe. Kwa sauti zilivyowekwa sasa, mtangazaji anasikika kama anahubiri, na mtu aliye benchi la mbele hasikii hata ushauri anaoutoa mwenyewe kwa beki wa kulia.

Jambo ambalo banda hili limelifanya vizuri kuliko mabanda yote ninayoyajua ni namna linavyowakalisha watani. Mwenye banda ni Mwananchi wa damu, na haifichi Yanga yake, lakini katika siku ya biashara ni mwadilifu kama karani wa mahakama. Mashabiki wa Yanga wanaokuja kuiombea Berkane hulipa kiingilio kilekile, hukaa kona ya nyuma upande wa kushoto, na kati yao na sisi kuna njia ya kupitia ambayo hairuhusiwi kuwekwa benchi. Hawazuiwi kuimba. Wanazuiwa kuvuka njia. Bao la pili lilipoingia dakika ya 14, kona ile ilisimama na kucheza, na kwa mara ya kwanza usiku ule niliifurahia sauti kubwa ya spika, kwa maana mwenye banda aliipandisha ili iwafunike ndugu zake mwenyewe.

Wapo Wanasimba wanaodai kwamba watani wasiruhusiwe kabisa katika mchezo wa aina hii, kwa hoja kwamba mtu mwenye msiba hapaswi kuketi na wanaomcheka. Nimeisikia hoja hiyo na siikubali. Ukiwa na wasiwasi, unahitaji mtu wa kubishana naye, la sivyo utabishana na nafsi yako, na nafsi haina huruma. Kijana mmoja wa kona ya nyuma alipotuuliza baada ya mchezo kama tunakwenda Unguja kuogelea, mzee mmoja wa upande wetu alimjibu kwa upole, bila kugeuka: "Mwanangu, nyinyi 2023 mlishinda kule Algiers, na kombe likabaki kule kule Algiers. Sisi bado hatujacheza nyumbani." Kijana akanyamaza, kwa kuwa kila mtu alikumbuka kwamba USM Alger iliwafunga Yanga 2-1 hapa Dar es Salaam, ikafungwa 1-0 kwake, na kuchukua kombe kwa faida ya mabao ya ugenini. Sebuleni kwangu hakuna mtu wa kunijibia namna hiyo.

Huduma nyingine inayostahili kutajwa ni ubao. Pembeni mwa mlango kuna ubao mweusi ambao kijana wa mwenye banda huandika juu yake ratiba, vikosi na matokeo kwa chaki, na tangu Jumapili iliyopita umegeuka kuwa baraza. Watu wanasimama pale asubuhi wakienda kazini na jioni wakirudi, na kila mmoja anamtaka aandike mechi inayounga mkono hofu yake au tumaini lake. Kijana huyo, ambaye ni mpole kupita kiasi, anaandika zote.

Upande wa tumaini unaanza na Al Masry, na ndivyo inavyofaa. Tulifungwa 2-0 kule Suez, tukashinda 2-0 Mkapa na kupita kwa matuta 4-1. Deni la Berkane ni lile lile, shilingi kwa shilingi. Chini yake imeandikwa nusu fainali: Simba 1, Stellenbosch 0, tarehe 20 Aprili, pale pale Amaan, kwa mpira wa adhabu wa Jean Charles Ahoua kabla tu ya mapumziko, kisha sare ya bila mabao kule Durban. Wazee wakaongeza ya mwaka 1979, ambayo hakuna banda la Temeke linaloweza kuikosa: Mufulira Wanderers wa Zambia walitufunga 4-0 hapa nyumbani, na Simba ikaenda kwao ikashinda 5-0. Mimi mwenyewe niliomba iandikwe hoja ambayo naona haijapewa uzito wake, nayo ni kwamba Berkane, pamoja na kulitwaa kombe hili mwaka 2020 na 2022, wamewahi kuipoteza fainali mara mbili wakiwa wametangulia. Mwaka 2019 waliifunga Zamalek 1-0 kwao, wakafungwa 1-0 Misri na kushindwa kwa penalti. Mwaka 2024 waliifunga Zamalek hiyo hiyo 2-1, wakafungwa 1-0 Cairo, na bao la ugenini likawatoa. Timu hii inajua jinsi uongozi wa mchezo wa kwanza unavyoweza kuponyoka, na ninaomba waikumbuke habari hiyo wakiwa ndani ya boti au ndege, hata kabla hawajaiona Amaan.

Upande wa hofu una mistari michache zaidi, lakini maneno yake ni mazito. Upo mwaka 2022, katika hatua ya makundi ya kombe hili hili, ambapo Berkane walitufunga 2-0 kwao na sisi tukawafunga 1-0 hapa Dar es Salaam kwa bao la Pape Sakho. Siku ile tulishangilia, na tulikuwa na haki. Jumapili matokeo kama hayo yatakuwa kilio. Upo mwaka 1993, fainali ya Kombe la CAF, ambapo Simba ilitoka sare ya 0-0 na Stella huko Abidjan, ikaja kufungwa 2-0 katika Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao leo tunauita Uhuru na ambao ni jirani wa Mkapa. Wazee waliokuwepo hawapendi kuusimulia mwaka huo, na kijana wa ubao aliuandika kwa herufi ndogo. Kisha ipo hesabu ambayo haihitaji kumbukumbu yoyote: Berkane wakipata bao moja tu Amaan, mabao matatu yetu hayatatosha, kwa kuwa jumla ikilingana bao lao la ugenini litawapa kombe, na itatulazimu kufunga manne. Kila ninapoipitia hesabu hiyo naona kwamba kazi ya kocha wetu Fadlu Davids si kushambulia kwa pupa dakika kumi za kwanza kama wanavyotaka wengi wa mlangoni. Al Masry walifungwa mawili ndani ya nusu saa na kitu, lakini hawakuwa Berkane, na uwanja haukuwa wa watu 15,000. Ningependa bao moja kabla ya mapumziko, mlango wetu ukiwa umefungwa, na Camara akiwa na sababu ya kuamini kwamba matuta yanakuja.

Chakula nitakipitia haraka, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukumbuka alichokula siku ya fainali. Nje kuna mama anayekaanga mihogo na kuitia pilipili ya ndimu, na mihogo yake ni ya kuaminika. Mishikaki ya jirani yake ni mizuri mpaka watu wanapozidi, kisha inaanza kutoka ikiwa mibichi. Kahawa na kashata hupitishwa ndani wakati wa mapumziko. Choo ni kimoja, kiko nyuma, na foleni yake wakati wa mapumziko inaweza kumkosesha mtu dakika tano za kipindi cha pili, kwa hiyo mwenye busara huenda dakika ya 40 au huvumilia.

Umeme ni suala kubwa zaidi ya chakula. Banda lina jenereta, ila huwa linachukua muda kuwashwa, na king'amuzi nacho kikizimika kinahitaji muda wake kutafuta mawimbi. Katika mchezo wa kwanza umeme ulipepesa mara moja kipindi cha pili, na tulikaa gizani kwa muda uliotosha kona ya nyuma kutunga wimbo mpya. Hakuna kilichotokea uwanjani wakati huo, kwa hiyo hakuna aliyedai fedha yake. Mchezo ukifika kwenye matuta Jumapili na taa zikakatika, sidhani kama mabenchi yatabaki na miguu. Nilimuuliza mwenye banda kama jenereta linaweza kuwashwa kuanzia dakika ya 80 na kuachwa likinguruma hata kama umeme wa gridi upo, naye akajibu kibiashara kwamba mafuta yana bei. Mashabiki kadhaa tumekubaliana kuchangia mafuta hayo. Ni jambo la kushangaza kidogo kuona wateja wakilipia kitu ambacho kingepaswa kuwa ndani ya kiingilio, lakini nimeshatoa mchango wangu, na katika kundi letu yumo Mwananchi mmoja aliyetoa noti bila kuulizwa, akisema kwamba hataki kunyimwa nafasi ya kutuona tukilia.

Kwa mtu anayeuliza kama aje, jibu langu linategemea ni mtu wa namna gani. Mwenye kutaka kuuona mchezo kwa utulivu, afuatilie namna Yusuf Kagoma anavyokaa mbele ya mabeki au namna Berkane wanavyobadilisha upande wa mpira, abaki nyumbani, kwa kuwa banda halitamruhusu. Mwenye watoto wadogo naye asiwalete; joto ni kali, feni ni tatu na moja yake inazunguka kwa hisani tu. Lakini yule ambaye tangu Jumamosi hajaweza kuzungumza kuhusu jambo jingine, ambaye mkewe au mumewe amekwisha kumwambia basi, na ambaye hana boti wala tiketi, atapata hapa watu wanaozungumza lugha yake, ubao wa kuusoma na mtani wa kumjibu, na kwa shilingi 2,000 sijui pengine ambapo angevipata vyote hivyo.

Anayekuja afike mapema, kwa sababu mlango utafunguliwa saa saba mchana na mabenchi ya kulia hujaa kwanza. Fedha zilipwe taslimu au kwa simu, na anayelipa kwa simu asubiri ujumbe uingie kabla ya kuketi, maana mlinzi wa mlangoni haamini picha ya skrini. Asivae jezi ya chungwa kwa bahati mbaya. Na kama ana redio, tunamwomba kwa heshima zote aiache kwa mama wa mihogo.